Konrodi za Injini ya Mbio: Anza na Bolti

Konrodi ni kipande cha chuma kinachoiunganisha pistoni na kranki, ule mhimili mkuu unaozunguka, na katika injini iliyoongezewa nguvu ni vigumu kutaja kipande kingine ambacho kuvunjika kwake huleta hasara kubwa kama yake. Gasketi ya silinda hedi ikiungua hubadilishwa, na beringi zikilika kranki husagwa na kazi ikaendelea. Lakini konrodi ikikatika gari likiwa katika mwendo hutoboa bloku, huvunja pistoni, huikwaruza kranki na kumwaga oili yote barabarani kabla dereva hajatambua mlio aliousikia umetoka wapi. Mwongozo huu nimewaandikia mafundi na wenye magari wa Tanga, hasa wanaotayarisha Subaru, Toyota na Mitsubishi kwa mashindano katika barabara za vumbi za mashamba ya mkonge, na wale wanaopanda mlima kutoka Mombo kwenda Lushoto kwa injini zenye tabo (kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini) kubwa kuliko ile ya kiwandani. Ninachoshikilia ni kwamba konrodi haichaguliwi kwa jina lililochapwa juu ya boksi. Huchaguliwa kwa bolti zake, na kwa vipimo ambavyo fundi atakayeifunga amevichukua mwenyewe.

Nguvu zinazoipata konrodi

Watu wengi huamini kwamba konrodi huvunjwa na mlipuko wa petroli. Mlipuko huo ni mkubwa kweli. Chukua injini ya Subaru EJ20, ambayo upana wa silinda yake ni milimita 92: shinikizo la bar 100 likiwa juu ya pistoni hiyo, konrodi inakandamizwa kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa karibu tani 6.8. Hata hivyo nguvu hiyo huisukuma konrodi kuelekea kwenye kranki, na wakati huo kofia ya chini, ile nusu inayoishikisha konrodi kwenye kranki, na bolti zake hazibebi mzigo wowote wa maana. Mzigo wa bolti huja wakati mwingine kabisa, pale pistoni inapofika kileleni ikimalizia kutoa moshi. Hapo hakuna shinikizo la gesi la kuizuia, hivyo konrodi peke yake ndiyo inayopaswa kuisimamisha na kuivuta irudi chini.

Tufanye hesabu ya mvuto huo. Mwendo wa pistoni ya EJ20 ni milimita 75, na urefu wa konrodi yake kutoka katikati ya jicho (tundu) la ncha moja hadi katikati ya jicho la ncha nyingine ni milimita 130.5. Tuseme pistoni, pini inayoishikisha kwenye konrodi, pete na sehemu ya juu ya konrodi kwa pamoja zina gramu 600. Injini ikizunguka mara 7,000 kwa dakika, gramu hizo 600 huvuta konrodi kwa nguvu ya karibu tani 1.6. Ukiruhusu ifike mizunguko 8,000, mvuto hupanda hadi karibu tani 2.1. Mizunguko imeongezeka kwa asilimia 14 tu, ilhali mvuto umeongezeka kwa asilimia 31, kwa kuwa mvuto hukua kwa kipeo cha pili cha mizunguko. Pistoni nzito huongeza mzigo pia, lakini huuongeza kwa uwiano wa kawaida. Mizunguko ndiyo yenye madhara makubwa zaidi.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei ya kitu chochote, fundi na mwenye gari wanapaswa kukubaliana wanaongeza nini. Aliyeongeza msukumo wa tabo na kubaki katika mizunguko ileile ya kiwandani anaongeza mkandamizo, na hatari yake kubwa ni konrodi kupinda, hasa petroli inapolipuka kabla ya wakati wake. Aliyepandisha mizunguko anaongeza mvuto, na hatari yake ni bolti kukatika na kofia kufunguka. Wapo wanaofanya yote mawili, na hao hawana pa kupunguzia gharama.

Je, unazihitaji kweli?

Swali hili huulizwa mara chache, na kutouliza kumewagharimu watu fedha nyingi. Katika injini nyingi za Subaru zenye tabo, pistoni za kiwandani huchoka kabla ya konrodi, kwa kuwa kingo zinazoshikilia pete hupasuka. Mtu anayenunua konrodi za gharama na kuacha pistoni za zamani ameimarisha mlango na kuacha dirisha wazi. Konrodi za kiwandani za Toyota 2JZ zina sifa ya uvumilivu mkubwa, na katika Mitsubishi 4G63 zile za toleo la awali, ambalo kranki yake hufungwa gurudumu la uzito kwa bolti sita, ni nene kuliko zile za toleo la bolti saba lililofuata.

Ipo sababu moja ya kubadilisha konrodi ambayo haihusiani na mbio. Wakati wa masika, baadhi ya magari hupita katika maji yaliyojaa barabarani, injini ikavuta maji, na kwa kuwa maji hayabanwi kama hewa, konrodi hupinda papo hapo. Gari huweza kuendelea kutembea kwa miezi likiwa na konrodi iliyopinda kidogo. Ndiyo maana sishauri kamwe kujenga injini ya nguvu kwa konrodi za mtumba zilizotolewa katika injini ambayo historia yake haijulikani, hata zikiwa zinang'aa.

Bolti

Ukiamua kununua, anza na bolti. Mwili wa konrodi yoyote ya chuma kilichofuliwa vizuri mara nyingi una akiba ya nguvu. Bolti mbili za kofia hazina akiba ya namna hiyo, na ndizo zinazobeba ule mvuto tuliouhesabu, mara elfu tatu na zaidi kwa kila dakika ya mwendo mkali.

Kampuni ya ARP ya Marekani ndiyo inayotajwa zaidi katika bolti hizi, na watengenezaji wengi wa konrodi huweka bolti zake. Daraja la kawaida ni chuma cha 8740, ambacho kinatosha kwa injini ya nguvu ya kiasi. Juu yake ipo ARP2000, yenye uwezo wa kuvutwa hadi takriban pauni 220,000 kwa kila inchi ya mraba, nayo ndiyo ninayoipendekeza kwa karibu kila injini ya tabo. Juu zaidi ipo L19, yenye takriban pauni 260,000, na hapa namwomba msomaji wa pwani asome polepole. L19 ni chuma kikali sana, lakini ukali huo umeambatana na udhaifu: unyevu ukiigusa, hata ule wa jasho la kiganja, chuma huweza kuanza kupasuka kwa ndani bila dalili yoyote ya nje, na mtengenezaji mwenyewe anatahadharisha jambo hilo. Hapa kwetu hewa ya bahari hubeba chumvi hadi ndani ya karakana, na bolti iliyoachwa mezani usiku mmoja bila oili asubuhi huonyesha kutu. Sioni sababu ya mtu wa Tanga kufunga L19 katika gari analoliendesha barabarani. Anayehitaji nguvu ya kiwango hicho aangalie bolti za Custom Age 625+, ambazo hazishiki kutu, ingawa bei yake ni kubwa zaidi.

Bolti yoyote utakayochagua, ipake oili mara unapoitoa katika pakiti na uihifadhi ndani ya mfuko uliofungwa. Angalia kichwa chake kwa kioo cha kukuzia: alama ya daraja inapaswa kuwa imekaa safi, yenye kingo kali, na bolti zote katika boksi ziwe na alama inayofanana. Boksi halisi huja na karatasi yenye vipimo vya kukazia, na mara nyingi pakiti ndogo ya grisi maalumu. Karatasi hiyo ikikosekana, usikisie vipimo na usiazime vya konrodi nyingine. Omba kwa mtengenezaji kwa kutaja namba ya bidhaa, na asipojibu, hilo nalo ni jibu.

Chuma na umbo

Chuma kinachofaa ni 4340, chenye nikeli, kromi na molibdenamu, na kiwe kimefuliwa. Konrodi za bei ya chini hutengenezwa kwa 5140, nazo si mbaya kwa injini isiyo na tabo inayofanyiwa matengenezo ya kawaida, lakini muuzaji anapaswa kukueleza wazi kwamba ni hicho unachonunua. Chuma cha 300M, ambacho ni ndugu wa 4340 aliyeongezewa silikoni na vanadi, ni cha hali ya juu na kinawafaa wachache. Konrodi za aluminiamu ziwaachie wanaoshindana mbio fupi za moja kwa moja, kwa sababu huchoka mapema na hubadilishwa kwa ratiba.

Kuhusu umbo, ubishi wa H na I umekuwa mrefu kuliko unavyostahili. Konrodi ya umbo la H kwa kawaida ni nyepesi kwa nguvu yake na huzuia vizuri kupinda kuelekea upande mmoja, ndiyo maana imeenea katika injini za barabarani na za mbio za kati. Ya umbo la I, ikiwa imetengenezwa kwa unene wa kutosha, hustahimili mkandamizo mkubwa sana wa tabo. Konrodi ya H iliyotengenezwa kwa uangalifu itaishinda ya I iliyotengenezwa ovyo, na kinyume chake ni kweli pia. Ukishajua chuma ni kipi na bolti ni zipi, umbo ni jambo la tatu.

Vipimo vinavyokosewa wakati wa kuagiza

Aghalabu spea hizi huagizwa kutoka mbali, na kurudisha kilichokosewa huchukua miezi. Injini zenye jina moja zinatofautiana kwa ndani. Katika familia ya Subaru EJ zipo kranki zenye shingo (pale konrodi inapokaa) ya milimita 52 na zipo za milimita 48, na konrodi za moja haziingii katika nyingine. Katika 4G63, toleo la bolti sita hutumia pini ya pistoni ya milimita 21 na la bolti saba hutumia ya milimita 22. Fungua injini kwanza, pima, kisha agiza. Kuagiza kwa kutegemea namba iliyoandikwa kwenye kadi ya gari ni hatari, kwa maana magari mengi hapa yamekwisha badilishwa injini, na mwenye gari wa sasa hana habari.

Angalia pia pini inavyokaa. Baadhi ya injini hutoka kiwandani zikiwa na pini iliyobanwa kwa nguvu katika jicho dogo, ilhali karibu konrodi zote za nguvu zina bushi ya shaba na pini inayozunguka kwa uhuru. Hizo zinadai pistoni zenye mfereji wa klipu za kuizuia pini isitoke. Upana wa jicho dogo nao ulinganishwe na nafasi iliyopo ndani ya pistoni.

Kupima kabla ya kufunga

Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja aliniletea karakanani boksi la konrodi mpya za 4G63. Baada ya shikamoo na marahaba, aliniuliza kwa heshima, "Fundi, hizi ni mpya kabisa, za nini kuzipima tena?" Nilimwomba akae pembeni yangu tupime pamoja. Konrodi mbili kati ya nne zilikuwa na jicho kubwa lililoelekea umbo la yai kwa milimita 0.03, na bolti zake hazikuwa na alama yoyote kichwani, wakati za zile mbili nyingine zilikuwa nayo. Aliyemuuzia alikataa kuzipokea. Ilitubidi kununua bolti nane mpya, kisha mchongaji akakwangua nyuso za kofia na kuyasawazisha macho makubwa upya, kwa sababu bolti mpya hubana kofia kwa nguvu tofauti na umbo la jicho hubadilika. Kijana alilipa karibu mara mbili. Nilisikitika sana kwa ajili yake, na tangu siku ile sifungi konrodi ya mtu yeyote bila kuipima mbele yake.

Upimaji wenyewe hufanywa hivi. Safisha konrodi, funga kofia bila beringi, na kaza bolti hadi kipimo kilichoandikwa katika karatasi. Tumia geji ya saa ya kupimia matundu, nawe pima jicho kubwa katika pande tatu: kutoka juu kwenda chini, na kwa mshazari kulia na kushoto mwa kiungo cha kofia. Tofauti kati ya pande hizo isizidi milimita 0.01. Kisha funga beringi, pima tena, na utoe kipenyo cha shingo ya kranki ulichokipata kwa maikromita; nafasi ya oili inayofaa kuanzia ni kama elfu moja ya kipenyo cha shingo, yaani karibu milimita 0.05 kwa shingo ya milimita 50, na injini ya tabo huongezewa kidogo. Ikiwa kranki imewahi kusagwa, hakikisha beringi ni za saizi yake, iwe kumi au ishirini, yaani sehemu za elfu za inchi.

Joto la hapa linaweza kuharibu kazi hii yote. Chuma cha milimita 55 kikizidiwa joto kwa nyuzi 15 hutanuka kwa karibu milimita 0.01, kiasi kilekile tunachokitafuta. Konrodi iliyokaa juani mlangoni, ikapimwa kwa geji iliyotoka ndani ya droo, itakupa namba ya uongo. Ninaziweka konrodi, kranki na vyombo vya kupimia kwenye meza moja tangu jioni na kupima alfajiri, kabla bati la paa halijaanza kuwaka.

Pima pia uzito. Konrodi za seti moja zitofautiane kwa gramu chache sana, na gramu moja ndiyo ninayoikubali kwa injini ya mizunguko mingi. Mizani ndogo ya vito inatosha. Ili kujua kama konrodi zimenyooka, zipange mbili mbili, macho makubwa yakiwa yameshikwa kwenye mhimili mmoja ulionyooka, kisha upitishe pini moja katika macho madogo yote mawili. Pini ikikwama au ikidai kusukumwa, moja yao imepinda au imejikunja.

Namna ya kuzishika

Uso wa konrodi nzuri umepigwa kwa vijipira vidogo vya chuma ili ngozi yake ya juu ikandamane na kuzuia nyufa. Mkwaruzo wowote huiharibu ngozi hiyo na kuwa mwanzo wa ufa. Mazoea tuliyorithi ya kupiga alama za senta panchi kwenye mwili wa konrodi ili kujua ni ya silinda gani yaachwe kabisa katika injini za nguvu. Tumia kalamu ya wino usiofutika. Usiibane konrodi katika jiliwa bila kuweka vipande vya shaba au mbao. Kofia isibadilishwe na ya konrodi nyingine, na konrodi za kiwandani ambazo kofia yake ilitenganishwa kwa kuvunjwa haziwezi kurekebishwa kwa kukwangua kofia, kwani kiungo chake ni mavunjiko yenyewe.

Kukaza

Spana ya toki hupima ugumu wa kuzungusha, wala haipimi mbano halisi, na sehemu kubwa ya ugumu huo ni msuguano wa nyuzi. Ukipaka oili ya injini mahali palipotakiwa grisi maalumu, namba ileile ya spana itakupa mbano tofauti. Kwa hiyo njia bora ni kupima jinsi bolti inavyorefuka. Andika urefu wa kila bolti kabla ya kuifunga, kaza huku geji ikiwa imeshikilia ncha zake mbili, na usimame inapofikia kiasi kilichotajwa katika karatasi, ambacho kwa bolti nyingi zenye unene wa inchi 3/8 huwa karibu milimita 0.15. Asiye na geji hiyo atumie spana ya toki pamoja na grisi iliyokuja na boksi, akikaza na kulegeza mara kadhaa kabla ya mkazo wa mwisho ili nyuzi zilainike.

Konrodi zikishafungwa, zungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili, polepole, ukiangalia vichwa vya bolti visiguse bloku wala mabomba ya kunyunyizia pistoni oili. Konrodi za nguvu huwa na mabega mapana kuliko za kiwandani, na mguso mdogo unaosikika kama mkwaruzo wa kucha utakuwa pigo kamili injini ikishika kasi. Penye mguso, bloku hupunguzwa kwa grainda kidogo kidogo, kisha huoshwa yote. Konrodi haiguswi kwa tupa.

Ile karatasi ya urefu wa bolti usiitupe. Ifunge katika plastiki na umpe mwenye gari aihifadhi pamoja na kadi ya gari, kwa kuwa siku injini itakapofunguliwa tena, bolti yoyote itakayokutwa imerefuka moja kwa moja kwa elfu moja ya inchi, yaani milimita 0.025, kupita urefu wake wa mwanzo, haitarudishwa ndani.